Sura Iliyo Katikati

Neno la wiki: Walawi 19:13–18, 33–36



Jumapili iliyopita nilipewa nafasi ya kuhubiri ibada ya pili, na wengi mkaomba ujumbe ule uandikwe. Nimeuandika jinsi nilivyousema, ila hapa nimejaribu kwenda polepole.

Ujumbe wenyewe ulianza na simu. Baada ya ibada ya katikati ya juma, mzee mmoja wetu mwenye ploti ya kupangisha alinipigia. Akasema, "Pasta, nina wasichana wawili wanakaa bedsita moja. Wapangaji wengine wananiambia hao si marafiki tu. Wanataka niwatoe kabla mwezi haujaisha. Neno linasemaje?"

Nikamuuliza, "Mzee, kodi wanalipa?"

"Wanalipa. Tena tarehe mbili, kabla ya wote."

"Wana kelele? Wameharibu kitu?"

"Hapana, Pasta. Hakuna."

"Sasa ukiwatoa, dipositi yao utawarudishia?"

Mzee akanyamaza. Halafu akasema, "Pasta, mimi nimekuuliza habari ya Neno, wewe unaniuliza habari ya dipositi."

Nilimwomba siku mbili. Si kwamba sikuwa na mistari. Ni kwamba swali langu mwenyewe lilikuwa limenigusa mahali penye kidonda.

Hesabu yangu mwenyewe

Kabla Bwana hajaniita katika utumishi nilisomea biashara chuo kikuu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimamia duka moja la jumla. Chini yangu kulikuwa na kijana wa stoo. Alihesabu magunia ya sukari na unga, na hesabu yake haikupotea hata siku moja. Kisha uvumi ukaanza kwamba yeye ni shoga. Hakuna aliyemwona akifanya lolote. Watu waliangalia tu mwendo wake, wakasikiliza sauti yake, wakamaliza kesi. Mwenye duka akaniita ofisini akasema, "Mtafutie njia atoke."

Nikamtafutia njia. Niliandika kwamba katoni mbili za mafuta ya kupikia zimepotea katika zamu yake. Wapendwa, hazikupotea. Mimi ndiye niliyezisukuma nyuma ya zingine. Sikumpa notisi. Sikumwita ajitetee. Sikumwandikia barua ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi pale. Alikuwa amefanya siku 19 za mwezi ule, na sikumlipa hata moja. Jumapili iliyofuata niliongoza sifa na kuabudu, nikainua mikono, machozi yakatoka, na watu wakasema kijana huyu ana upako.

Mpaka leo sijui kama uvumi ule ulikuwa wa kweli. Sikuwahi kumuuliza, na kuhesabu magunia hakukuhitaji mimi nijue.

Kutoka 18 hadi 20

Tukitaka kuzungumza juu ya jambo hili, sisi walokole huwa tunafungua Walawi sura ya 18, au tunafungua sura ya 20. Mistari ile tunaijua kwa kichwa. Hata mtu asiyejua Hagai iko wapi, Walawi 18:22 anaijua. Mimi siiondoi. Fundisho la kanisa hili juu ya ndoa ni lile la Mwanzo 2:24, mume mmoja na mke mmoja, na sijasimama hapa kulibadilisha.

Lakini hebu nisikize. Ukitoka sura ya 18 kwenda sura ya 20, unapitia wapi? Unapitia sura ya 19. Hakuna njia ya mkato. Na sura ya 19 inasema nini?

Mstari wa 13 unasema usimdhulumu jirani yako, na ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Mimi niliulaza wa siku 19. Mstari wa 16 unakataza kuzunguka na umbea, na papo hapo unakataza kusimama juu ya damu ya jirani, yaani kumweka katika hatari ya kuuawa. Angalieni Mungu alivyoviweka viwili hivyo katika mstari mmoja, kwa sababu anajua umbea unakoishia. Mstari wa 18 unasema umpende jirani yako kama nafsi yako, na Bwana Yesu mwenyewe aliuchukua huo akauita amri kuu ya pili. Mstari wa 33 na 34 ni habari ya mgeni, mtu asiye wa kwenu wala wa desturi zenu. Halafu 35 na 36, mizani ya haki, vipimo vya haki.

Mungu hakusema mizani iwe ya haki kwa wateja watakatifu. Mlevi akija dukani kununua sukari, kilo yake ni gramu ngapi? Elfu moja. Mganga wa kienyeji akija? Elfu moja. Basi na yule unayemshuku akija, kilo isigeuke gramu mia nane. Mwambie jirani yako: kilo ni kilo!

Mtu anaweza kuniambia, "Pasta, dhambi ni dhambi." Ndiyo. Na katoni mbili zilizosukumwa nyuma ni nini? Dhambi ya yule kijana nilikuwa naikisia tu. Yangu ilikuwa imeandikwa kwenye daftari, kwa mkono wangu, na tarehe.

Habari ya Houston

Mshirika mmoja alinitumia ujumbe kwenye simu: "Pasta, hizi sheria za kukataza ubaguzi zikiingia, watakuja kuchukua mahubiri yetu kama Marekani." Sikuupuuza, maana jambo hilo lilitokea kweli. Lilitokea katika jiji la Houston, jimbo la Texas.

Tarehe 28 Mei 2014, baraza la jiji lilipitisha kwa kura 11 dhidi ya 6 sheria ya kukataza ubaguzi kazini, katika nyumba, na mahali panapohudumia umma. Waliopinga, wachungaji wakiwemo, walikusanya sahihi ili wananchi wenyewe waipigie kura. Jiji likazikataa nyingi za sahihi hizo, wakaenda mahakamani, na katika kesi hiyo mawakili wa jiji wakawataka wachungaji watano watoe mahubiri yao. Hapo jiji lilikosea. Serikali haina kazi ya kukagua mimbari. Hata baadhi ya watetezi wa haki za kiraia walisema hivyo, na kabla Oktoba haijaisha Meya Annise Parker akayaondoa madai hayo.

Ule ujumbe wa simu uliishia hapo. Lakini habari haikuishia hapo. Sheria ile ilikuwa na orodha ya mambo 15. Mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia yalikuwa mawili kati yake. Mengine yalikuwa kama vile rangi, umri, ulemavu, mimba, kutumika jeshini, na dini. Ndiyo, dini ilikuwamo. Mtu asingeweza kukunyima nyumba kwa sababu wewe umeokoka. Na mashirika ya dini yenyewe yalikuwa yamewekwa nje ya masharti yake.

Kampeni ikageuka ikawa habari ya vyoo, nani aingie cha wanawake na nani asiingie. Tarehe 3 Novemba 2015, karibu asilimia 61 ya waliopiga kura waliiondoa. Wananchi waliamua, na ni haki yao kuamua. Ila kalamu iliyofuta yale mawili ilifuta yote 15. Mama mjamzito, mlemavu na mlokole walibaki na sheria za nchi na za jimbo, lakini ile ngao ya jijini kwao, iliyo karibu na mlango, iliondoka kwa pamoja.

Katika biashara tunafundishwa kusoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kuuchana. Inawezekana jina lako limo.

Na sisi hapa Kenya?

Jina lenu limo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 27, ina orodha pia: jinsia, mimba, hali ya ndoa, afya, kabila, umri, ulemavu, dini, dhamiri, mavazi, lugha, na mengine. Na haisemi na serikali peke yake. Inasema mtu pia asimbague mwenzake kwa sababu hizo.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba bodi ya serikali ilibagua ilipokataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji, na kwamba neno jinsia katika orodha ile linabeba mwelekeo wa kimapenzi pia. Septemba ya mwaka huo ombi la kuangalia upya uamuzi huo likakataliwa.

Mnakumbuka jinsi tulivyowaka. Nami niliwaka. Kisha nikakaa chini nikajiuliza nini hasa kimebadilika. Mahakama ile haikuhalalisha ndoa ya jinsia moja. Kifungu cha 45 bado kinazungumzia ndoa ya mtu na mtu wa jinsia tofauti. Vifungu vya sheria ya adhabu bado vipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa tarehe 24 Mei 2019. Hakuna pasta aliyeagizwa kufungisha harusi asiyoiamini. Uhuru wa kuabudu umelindwa katika Kifungu cha 32. Kilichosemwa ni kwamba mtu asifungiwe mlango wa sheria kwa sababu ya vile alivyo.

Wengine mtaniambia, "Pasta, leo ni usajili, kesho watataka ndoa." Inawezekana watataka. Siku hiyo ikifika tutasimama na kusema tunachoamini, kwa adabu na bila woga. Lakini hofu ya kesho hainipi ruhusa ya kula mshahara wa mtu leo.

Na kabla hatujasema kubaguliwa ni jambo la watu wengine, tukumbuke Januari 2008. Kuna watu wanaoketi katika viti hivi ambao walitolewa nyumbani usiku na majirani waliowajua. Kosa lao lilikuwa jina lililo kwenye kitambulisho. Walikuwa wamelipa kodi. Hawakuwa na kelele. Na mlango ulipogongwa, palikuwa na jirani aliyesema, "Hawa ni watu wangu, mniue mimi kwanza," na palikuwa na jirani aliyeonyesha kwa kidole. Wale mliopitia hayo mnajua tofauti ya jirani hao wawili kuliko mahubiri yangu yoyote.

Hatua za wiki hii

Mtu wa biashara hawezi kumaliza bila hatua za kuchukua. Niwape tatu.

Kwanza, kama wewe ni mwenye nyumba au mwajiri, tumia kipimo kimoja. Mkataba unaomfunga shemasi umfunge na yule unayemshuku. Anayestahili notisi apewe notisi. Anayetuhumiwa kazini asikizwe kwanza, maana sheria yetu ya ajira inataka hivyo, na Mithali 18:13 ilikuwa imesema tangu zamani. Dipositi irudi. Mshahara usilale kwako.

Pili, zuia ulimi na kidole. Usitume picha ya mtu kwenye kundi la simu ukiandika "huyu ndiye". Ukisikia watu wanapanga kumpiga mtu, wewe uliyeokoka usisimame pembeni ukisema "ni laana yake". Mstari wa 16 umekushika.

Tatu, wazazi, mtoto wako akija na neno zito, usimfukuze. Mwana mpotevu alikuwa na mahali pa kurudi kwa sababu baba hakubadilisha kufuli. Unaweza kushikilia ukweli wote unaouamini huku mlango ukiwa wazi. Kanisa hili litakusaidia kuomba. Halitakusaidia kumtupa nje.

Nilimpigia mzee siku ya tatu. Nikamsomea sura ya 19 yote kwenye simu. Akasema, "Pasta, bado sifurahii." Nikamwambia, "Mzee, mizani hairekebishwi na furaha." Akacheka kidogo. Wale wasichana bado wanakaa pale. Mzee amewaambia wapangaji wengine kwamba anayetaka kuhama kwa sababu hiyo, dipositi yake iko tayari.

Na yule kijana wa stoo? Ilinichukua wiki nzima kupata nambari yake. Nikapiga hesabu ya siku 19, nikaongeza kwa miaka yote iliyopita, maana pesa ya wakati ule si pesa ya sasa. Nikamtumia kwa M-Pesa. Kisha nikamwandikia kwamba katoni zile hazikupotea, kwamba nilimsingizia, na kwamba aliyekuwa mwizi ni mimi. Sikumwandikia mstari wa Biblia. Niliona siku hiyo sikuwa na haki ya kumhubiria.

Alijibu usiku, neno moja: "Nimepokea."

Hakusema amenisamehe. Sijamwuliza. Mwenye deni akilipa hapaswi kudai kupigiwa makofi. Naomba tu kwamba siku moja atakapopita karibu na kanisa lolote na kusikia tukiimba, asikumbuke sauti yangu kwanza.

Tuombe. Baba, mahali tulipopunguza kipimo cha mtu kwa sababu tulimshuku, tuonyeshe jina lake. Tupe ujasiri wa kurudisha. Utulinde tusiwe wepesi wa kuhukumu na wazito wa kulipa. Katika jina la Yesu, Amina.