Dhima ya Moshi wa Baharini

Imepokewa ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpitia sahaba wake Saad akitawadha, akamkanya kwa wingi wa maji aliyokuwa akiyamwaga; na Saad alipouliza kama katika udhu nako kuna israfu, akajibiwa kuwa iko, ijapokuwa mtu yu ukingoni mwa mto upitao. Wanazuoni wa hadithi wamesema kuwa isnadi yake ina udhaifu, wala mimi si katika watu wa kupima isnadi. Lakini maana yake imefundishwa vyuoni tangu Lamu hata Ujiji, nasi tuliisikia tukiwa wadogo, tukaichukua kuwa ni adabu ya birikani, tukapita. Kumbe ni mas'ala mazito. Maji yamdondokayo mtu kando ya mto hurudi mtoni. Hapana jirani aliyenyimwa, hapana mnyama aliyekosa kunywa, na ukiupima mto kabla na baada hutaona tofauti. Ikiwa hapana aliyedhulumiwa, israfu iko wapi?

Swali hili nilimtupia jirani yangu, katekista wa siku nyingi hapa Kahama, mtu asiyechoka mabishano ya dini maadamu kuna chai. "Ustadhi," akanijibu, "mbona hata kwetu liko," akanikumbusha kisa cha mikate mitano na samaki wawili, jinsi watu maelfu walivyokula wakashiba, kisha wanafunzi wakaamrishwa waokote vipande ili kisipotee kitu, vikajaa vikapu 12. Aliyeizidisha mikate ile jioni ya leo hakushindwa kuizidisha asubuhi ya kesho, na juu ya hayo akaamuru makombo yaokotwe. "Basi, Mwalimu," nikamuuliza, "vile vipande vilikwenda kwa nani?" Akacheka. "Hilo halikuandikwa, Ustadhi. Nadhani limeachwa ili tuulizane."

Yaonekana, basi, kwamba dini zote mbili zimeichagua saa ya wingi kuwa ndiyo saa ya kumhesabu mtu. Mwenye dhiki hana haja ya kukatazwa israfu, kwani dhiki yenyewe yamkataza. Ni yule aliye kando ya mto, ambaye hasara yake haionekani na wala haimrudii, ndiye anayeulizwa. Na mimi sijui wingi wa zama zetu unaofanana na mto kuliko bahari hii kuu, na anga lililo juu yake, ambamo meli za shehena humwaga moshi mchana na usiku mbali na macho ya watu.

Msomaji atasema, mtu wa Kahama na bahari wapi na wapi? Lakini Kahama iko mbali na maji ya chumvi tu. Na meli haiko mbali nayo hata kidogo. Mwendo si mrefu wa gari kutoka mjini kuna Isaka, kwenye reli ya Tabora iliyofika Mwanza mwaka 1928, na hapo pana bandari kavu ambapo shehena za Rwanda na Burundi hushushwa kutoka mabehewani na kupandishwa malori. Ukilikaribia kontena moja katika yale yaliyopangwa pale, utaona pembe zake zimeliwa na kutu, jina la kampuni limepakwa juu ya jina la kampuni iliyotangulia, vumbi letu jekundu limetanda ubavuni kote, na chini ya mlango, penye mpira wa kuzuia maji, pana ukoko mweupe. Ukoko ule ni chumvi, wala haukutoka Shinyanga. Pikipiki tupandazo, simu tuzungumzazo, mitambo ya migodi na vipuri vya mashine za kukoboa mpunga, vyote vimepita baharini. Nayo pamba ya mkoa huu huenda njia hiyohiyo kwa kurudi. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa ziuzwazo baina ya nchi na nchi, kwa ujazo, hubebwa na meli, na meli hizo hutoa karibu asilimia 3 ya hewa chafu inayolitia joto anga.

Kwa hiyo wapo mafundi, na Mungu awazidishie, wanaojitahidi kuunda meli zitumiazo mafuta kidogo. Ilimu hii ni ya kale kuliko tunavyodhani. Mabaharia wetu walijua tangu zamani kwamba jahazi lililoota mwani na chaza chini hulemaa, kwa hiyo walilipweleza pwani maji yalipotoka, wakalikwangua, wakalipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuanzia mkukuni hadi kwenye mstari wa maji. Na rangi laini zipakwazo leo chini ya meli kubwa ni kazi ile ile kwa dawa nyingine. Lakini aliyeitia hesabu ndani yake ni Mwingereza William Froude, ambaye katika miaka ya 1860 aliunda vigezo viwili vya meli, Raven iliyochongoka na Swan iliyo butu, akaviburura majini na kupima ukinzani wa maji kwa kila mwendo. Na baadaye, mwaka 1872, akapata birika refu la majaribio huko Torquay. Alilolikuta lastahili kukumbukwa na kila mwenye kufikiri, wala si wahandisi peke yao: kwamba hapana umbo lililo bora kwa kila mwendo. Raven ilishinda kwa mwendo wa pole, Swan ikashinda kwa mwendo wa kasi. Maana yake ni kuwa fundi hawezi kukuchongea meli njema mpaka kwanza umwambie una haraka kiasi gani, na haraka ni jambo la nafsi, halimo ndani ya birika.

Na haraka ina gharama isiyo ya kawaida. Meli iongezayo kasi mara mbili yahitaji nguvu karibu mara nane. Na ipunguzapo kasi kwa sehemu moja ya kumi, mafuta ya safari ile ile hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Hapana chombo kilichobuniwa, wala dawa iliyopakwa, inayoleta akiba ya namna hii kwa wepesi wa namna hii, nayo haitaki kitu ila subira. Wenye meli walilijua hilo vizuri baada ya mwaka 2008, biashara ilipodorora na mafuta kuwa ghali, wakazipunguza meli zao mwendo; walichokifanya kwa hofu ya hasara kingeweza kufanywa kwa hofu ya Mungu, na natija kwa anga ingalikuwa moja, ila thawabu.

Upepo nao umeanza kurudishiwa kazi yake. Mjerumani Anton Flettner alisimamisha nguzo mbili zinazozunguka juu ya meli Buckau mwaka 1924, akauonyesha ulimwengu kwamba upepo ukiikumba nguzo inayozunguka huisukuma meli mbele, na meli hiyo ikavuka Atlantiki mwaka 1926. Kisha mafuta yakawa rahisi na rai yake ikawekwa kando kwa muda wa maisha ya mtu. Mwaka 2023 meli ya shehena Pyxis Ocean ilisafiri ikiwa na mabawa mawili yasimamayo sitahani, kila moja likiwa na urefu wa mita 37.5, likijigeuza lenyewe kuufuata upepo. Wajukuu wa manahodha waliokuwa wakingoja kaskazi iwateremshe na kusi iwarudishe wana haki ya kutabasamu kidogo.

Lakini nisije nikaonekana nausifu upepo kupita kiasi chake. Upepo ule ule wa kusi na kaskazi, usiotoa moshi wala kuchafua anga kwa ncha ya sindano, ndio uliokuwa ukijaza matanga ya majahazi yaliyobeba watumwa kutoka Kilwa na Bagamoyo kwenda Unguja na kwingineko, baadhi yao wametolewa huku huku bara kwa njia za misafara zilizopita Unyamwezi, mpaka soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Chombo kilikuwa safi kuliko meli yoyote itakayoundwa na wahandisi wetu, na shehena yake ilikuwa laana. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba usafi wa chombo unaisafisha safari na ajibu kwanza juu ya majahazi yale.

Hapa ndipo nirudipo kwenye vipande vya mikate, na swali la kwamba vilikwenda kwa nani. Mwaka 1865 mtaalamu wa uchumi wa Kiingereza, Stanley Jevons, alichapisha kitabu juu ya makaa ya mawe, akadai kwamba kila mtambo unapojifunza kutumia makaa kidogo, makaa yatumiwayo na nchi nzima huzidi, kwani kazi iliyokuwa ghali huwa rahisi na watu huifanya mara nyingi zaidi. Mwaka ule ule, kama kwamba ni ushahidi ulioitwa mahakamani, Alfred Holt wa Liverpool alishusha majini meli Agamemnon, ambayo mtambo wake uliutumia mvuke mmoja mara mbili kabla ya kuuacha, ikaweza kwenda kutoka Liverpool hadi Mauritius, kiasi cha maili 8,500, bila ya kutia makaa njiani. Je, dunia ilipumzika kwa akiba ile? Hasha. Biashara ya China, ambayo hadi hapo ilikuwa ya matanga kwa kuwa makaa ya njia ndefu vile yangejaza meli nzima, ikafunguka kwa moshi; mwaka 1869 mfereji wa Suez ukafunguliwa; na mwisho wa mwaka 1872 meli ya barua ya kampuni ya British India ikaanza kuja Unguja kutoka Aden. Akiba ya Holt haikuokotwa vikapuni. Ilitiwa tanurini.

Simlaumu Holt. Fundi alifanya wajibu wake, na lau asingefanya yeye angefanya mwingine. Nasema tu kwamba akiba ya mafuta ni mali, na mali haina nia. Humfuata mwenye nia. Mafundi wakitupunguzia nusu ya mafuta kwa kila tani, nasi tukapakia tani maradufu, Saad bado yuko ukingoni akimwaga, ila sasa birika lake lina mdomo mwembamba.

Na tunapakia nini? Hapa Kahama hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kwa miaka mingi migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ilikuwa ikisafirisha makinikia, yaani mchanga wa madini uliochujwa, kwenda viwanda vya kuyeyushia vya ng'ambo, mpaka mwezi Machi 2017 Rais Magufuli alipopiga marufuku, na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Ugomvi uliofuata wajulikana: serikali na kampuni zilikuwa na hesabu mbili za dhahabu iliyokuwamo, na baina ya hesabu hizo palikuwa na tofauti kama ya mbingu na ardhi. Watu walibishana sokoni, misikitini na vilabuni juu ya nani ameibiwa, na hiyo ilikuwa haki yao. Lakini mimi nilishangazwa na jambo ambalo pande zote mbili hazikuligombea. Hata kwa hesabu ile iliyo kubwa, ya kamati ya serikali, shaba ilikuwa kiasi cha robo ya mzigo, na dhahabu haikufika asilimia moja. Kilichosalia, sehemu iliyo kubwa ya uzito wa kila kontena, aghalabu ni chuma na salfa: unga mzito wa kijivu ambao si uliokuwa ukitafutwa, uliotiwa makontenani, ukateremshwa hadi bandarini, ukavushwa bahari kwa mafuta, ili huko ufikapo utenganishwe na shaba na dhahabu. Muundie meli mwenye shehena hiyo, mtilie mabawa na nguzo za Flettner, na bado utakuwa umembebea salfa kwa ustadi mkubwa.

Katika fiqhi tumefundishwa kutofautisha fardhi kifaya, ambayo wakiisimamia baadhi ya watu dhima huwaondokea wote, kama kumzika maiti, na fardhi ain, ambayo hapana amfanyiaye mwenziwe, kama sala. Rai yangu ni kwamba kuunda meli yenye kuhifadhi mafuta ni katika fardhi kifaya. Wakiwapo wahandisi Korea au Norway wanaoisimamia, mkulima wa mpunga wa Msalala hatakuja kuulizwa kwa nini hakuijua hesabu ya Froude. Lakini kuuliza kama safari hii yahitajika, na mwendo huu yafaa, na mzigo huu wastahili, ni fardhi ain kwa kila aagizaye, auzaye na atiaye saini. Wala sisemi kwamba wote wanabeba sawasawa. Insafu yataka kila mmoja aulizwe kwa kadiri ya mkono wake, na mwenye pikipiki moja hawezi kusimamishwa mstari mmoja na mwenye meli mia.

Ugumu ni kwamba moshi huu hauna kwao. Mataifa yajumlishapo hewa chafu yatoayo, moshi wa meli zipitazo baina ya nchi na nchi hautiwi katika jumla ya nchi yoyote. Ulikabidhiwa, tangu Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, kwa Shirika la Kimataifa la Bahari lililoko London. Shirika hilo si kwamba halikufanya kitu: tangu 2013 meli mpya zina kipimo cha lazima cha matumizi ya mafuta, na mwaka 2023 wanachama waliafikiana kuufikisha moshi huo kwenye sifuri halisi mnamo 2050 au karibu yake. Lakini mwezi Oktoba 2025, walipokutana kuidhinisha mpango wa kuutoza moshi fedha, walipiga kura kuliahirisha shauri kwa mwaka mzima. Mali isiyo na mwenyewe hulindwa hivyo; na dhambi isiyo na mwenyewe hulindwa vizuri zaidi.

Ndiyo maana nina hamu ya kuona litakalotokea Buzwagi, ambako mgodi umekwisha kufungwa na ambako leseni ya kiwanda cha kusafishia madini mchanganyiko ilitolewa mwaka 2024. Kikisimama na kufanya kazi, itawezekana madini ya ukanda huu yaondoke yakiwa madini matupu, na uchafu wake ubaki hapa, nasi tutalazimika kujua pa kuuweka, jambo ambalo walioupokea ng'ambo walikuwa wakitufanyia kimyakimya. Katekista wangu haoni faida yake. "Tutabadilisha moshi wa baharini kwa asidi ya kiwanda cha nyumbani," aliniambia, "na hiyo asidi, Ustadhi, itakuja na nini?" Nikamwambia huenda ikaja kwa meli. "Basi," akasema akijimiminia chai, "anza hesabu yako upya."