Mhimili Unaokunjwa: Wastani na Swali la Mmoja na Wengi

Tensa ni mpangilio wa namba wenye mihimili kadhaa: orodha ya kawaida ina mhimili mmoja, jedwali lina miwili, na majedwali yakipangwa mwaka baada ya mwaka mihimili inakuwa mitatu. Katika maktaba za programu za ukokotoaji kama NumPy na PyTorch, kupunguza tensa ni kuchukua namba zote zilizo kwenye mhimili mmoja na kuzifanya namba moja, iwe jumla, wastani au iliyo kubwa kuliko zote, na kwa kawaida mhimili wenyewe hutoweka hapo hapo. Tendo hilo huandikwa kwa mstari mmoja tu, lakini limebeba swali lililowashughulisha wanafalsafa na wanateolojia tangu zamani, yaani kama kile kimoja kinachosimama badala ya vingi ni kitu kilichopo kweli au ni uamuzi wa aliyehesabu.

Wilaya ya Korogwe, nchini Tanzania, ina mfano usiohitaji kubuniwa. Watafiti wa malaria waliopima wakazi wa vijiji vyake viwili kati ya 2003 na 2008 walikuta kwamba katika kijiji cha tambarare wenye vimelea walipungua kutoka asilimia 78.4 hadi 13.0, ilhali katika kijiji cha milimani walipungua kutoka 24.7 hadi 3.1. Anayekunja mhimili wa mwinuko kwa wastani wa kawaida atabaki na asilimia 51.6 hivi mwaka wa kwanza na 8 hivi mwaka wa mwisho, akaona wazi kwamba ugonjwa unarudi nyuma. Ila hiyo 51.6 ni kubwa mno kwa watu wa milimani na ndogo mno kwa watu wa tambarare, na haielezi hali ya upande wowote. Anayekunja mhimili wa miaka atapata 45.7 kwa tambarare na 13.9 kwa milima, akajua pa kupeleka vyandarua kwanza, lakini asijue kama malaria inapungua au inaongezeka. Wote wawili wamehesabu sawasawa. Isitoshe, wastani huo wa kwanza umezipa pande mbili uzito sawa bila kuuliza kila upande una watu wangapi, na hilo kompyuta haiulizi isipoagizwa.

Mbelgiji Adolphe Quetelet, aliyeandika juu ya mtu wa wastani mwaka 1835, alielekea kuuona wastani kuwa ndio kielelezo halisi, na watu wenyewe kuwa mikengeuko yake. Mafundisho ya Kiislamu na ya Kikristo, ambayo yote yana wafuasi wengi Korogwe na katika wilaya jirani ya Handeni, yanakwenda kinyume chake, kwa kuwa siku ya hesabu kila nafsi inajibu yake. Hata hivyo dini nazo hupunguza, tena kwa uangalifu ambao watakwimu wangeweza kujifunza kwake. Katika zaka, fedha taslimu na bidhaa za biashara za mtu mmoja hujumlishwa ili kuona kama zimefikia nisabu, yaani kima cha chini kinachowajibisha kutoa. Lakini ndugu wawili ambao mali zao hazikuchanganywa hawajumlishwi, hata kama kwa pamoja wangefikia nisabu hiyo. Mhimili wa mali unakunjwa, mhimili wa wenye mali unaachwa, na sababu inajulikana: wajibu ni wa mtu.

Ugumu unazidi pale namba inapokosekana. Maktaba hizi zina alama maalumu ya kusema kwamba mahali fulani hapana namba halali, na kwa kanuni ya kawaida alama moja ya aina hiyo huambukiza jumla yote, hata matokeo ya maelfu ya vipimo yakageuka kuwa alama ile ile. Watumiaji wengi huona kero hiyo wakachagua amri inayoruka mapengo. Kuruka mapengo katika wastani si kosa, lakini ni kudai kimyakimya kwamba asiyepimwa anafanana na waliopimwa, dai ambalo mara nyingi ni la uongo, kwani asiyefikiwa kwa kawaida ndiye anayeishi mbali na barabara.

Korogwe ilikuwa pia moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015: kwa watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 hivi. Namba hiyo imekunja vituo vyote. Jina la Handeni halimo katika orodha ya vituo hivyo. Mtu akiiomba NumPy jumla ya visa vya kituo kisichokuwapo, yaani ya orodha tupu, atajibiwa 0, kwa kuwa 0 ndiyo namba isiyobadilisha jumla yoyote, na msomaji wa ripoti anaweza kudhani kwamba Handeni hakuna malaria. Akiomba wastani, atapewa onyo pamoja na ile alama ya kukosekana kwa namba. Akiomba namba iliyo kubwa kuliko zote, programu inakataa na kutoa kosa, mpaka yeye mwenyewe aitajie namba ya kuanzia.