Nyumba Njema Si Mlango: Je, Jengo la Serikali ni la Nani?

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Walikuwa wakituonya tusihukumu kitu kwa sura yake ya nje, na sisi walimu tumeifundisha methali hii kwa maana hiyohiyo miaka nenda miaka rudi. Lakini iko nyumba ya aina moja ambayo methali hii haiitoshi, nayo ni nyumba ya serikali. Mwenye nyumba yake binafsi ana haki ya kuufunga mlango apendapo. Nyumba ya serikali iliyomfungia mwananchi nje, hata ikiwa njema namna gani huko ndani, imekwisha kuipoteza maana yake. Katika makala haya twataka kuuliza: jengo la serikali ni la nani? Na je, jengo laweza kuwa na wema au ubaya, au sifa hizo ni za watu tu? Twaliuliza swali hili kutoka upande wa Kasese na Bwera, chini ya milima ya Ruwenzori, ambako majumba makuu ya utawala hujulikana zaidi kwa picha kuliko kwa macho.

Na tuanze na jengo lenyewe. Jengo la Bunge la Uganda mjini Kampala lilisanifiwa na wasanifu Peatfield na Bodgener, likamalizika mwaka 1960, miaka miwili kabla ya uhuru. Ni jengo la mtindo ulioitwa wa kisasa, mtindo uliokua Ulaya baina ya vita vikuu viwili, ukakataa nakshi za kifalme, ukatumia saruji, chuma na kioo, na ukadai kwamba umbo la jengo sharti lifuate kazi yake. Mtindo huu ulipofika katika nchi zetu ulilazimika kujifunza adabu mpya. Hapa kwetu, ambapo mstari wa ikweta unapita Kikorongo, kusini kidogo ya mji wa Kasese, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na kuta zinazoelekea mashariki na magharibi ndizo zinazoungua asubuhi na jioni. Kwa hiyo wajenzi walijifunza kuzielekeza pande ndefu za jengo kaskazini na kusini, kuweka vizuizi vya jua mbele ya madirisha, na kujenga kuta zenye matundu ili upepo upite. Mwaka 1956 Maxwell Fry na Jane Drew, Waingereza waliojenga sana Afrika Magharibi, walitoa kitabu kizima juu ya ujenzi wa nchi za joto na unyevu. Hata hivyo, elimu hiyo haikuwa ngeni kabisa kwa mjenzi wa Kikonzo, aliyejua tangu zamani jinsi udongo na paa la nyasi vinavyoituliza nyumba.

Mtindo huu ulikuja pia na ahadi ya kimaadili. Wafuasi wake walisema kwamba jengo lisilo na mapambo halidanganyi: nguzo huonekana kuwa ni nguzo, na saruji huonekana kuwa ni saruji. Boma la mkoloni lilikuwa ngome, kuta nene na bendera juu yake. Jengo jipya, lenye madirisha mengi na nuru tele, lilitaka kumwambia mwananchi kwamba serikali haina la kuficha. Si ajabu basi kwamba mataifa yetu machanga yaliupenda mtindo huu. Mjini Nairobi, Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa Kenya walisanifu jumba la mikutano la Kenyatta, lililokamilika mwaka 1973 na kuwa fahari ya mji mzima.

Je, ahadi hiyo ilitimizwa? Tukiangalia historia kwa makini, jawabu linatia uchungu. Mwezi Aprili 1966, ndani ya jengo lilelile la Bunge lenye nuru, Milton Obote aliwaletea wabunge katiba mpya ambayo hawakuwa wamepata nafasi ya kuisoma, nao wakaipitisha huku askari wakiwa nje. Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka kwa nguvu, na Bunge likanyamazishwa. Mwezi Septemba 2017, wakati wa kujadili kuondolewa kwa kikomo cha umri wa rais, watu wa usalama waliingia ukumbini na kuwatoa wabunge kwa mabavu. Madirisha hayakupunguzwa hata moja. Mfano mwingine ni Nile Mansions, jirani na jumba la mikutano ambako mwaka 1975 walikutana wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika. Vyumba vyake vilikuja kujulikana kuwa mahali pa mateso, na tangu mwaka 2006 mahali hapo ni hoteli ya Serena. Nyumba ni ileile, na mambo yaliyotendeka ndani yake ni ya kila namna.

Kwa sababu hii wako wanaodai kwamba jengo ni chombo tu. Kisu hukata kitunguu, na kisu hicho hicho huua, nasi hatukishitaki kisu. Hoja hii ina nguvu, lakini haijakamilika. Kisu hakichagui mahali pa kukaa, wala hakimwambii mtu aingie wapi na asubiri wapi. Jengo hufanya hivyo kila siku. Kabla watu hawajalitumia vema au vibaya, wako waliokwisha kuamua lisimame mji gani, mlango wake uelekee wapi, nani apite mbele na nani apite nyuma. Maamuzi hayo hubaki katika saruji hata baada ya walioyatoa kufa. Jengo halitendi dhambi, lakini laweza kuihifadhi.

Watu wa Kasese na Bwera hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Mwaka 1962, Uganda ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, nchi yao ilihesabiwa kuwa sehemu ya ufalme wa Toro, na makao ya utawala yalikuwa Fort Portal. Wajumbe wa Wakonzo na Waamba, akiwamo Isaya Mukirania, walidai watu wao watambuliwe kwa usawa na wapewe wilaya yao. Waliponyimwa walitoka nje ya baraza la Toro. Baraza lilikuwa na ukumbi, viti na utaratibu, ila kwao halikuwa na masikio. Kutoka kwao kulifuatwa na miaka mingi ya mapambano ya Rwenzururu milimani. Wilaya ilipatikana mwaka 1974, na mwaka 1982 Charles Mumbere, mwana wa Mukirania, akashuka kutoka milimani. Ufalme ulitambuliwa na serikali mwaka 2009. Hata hivyo, tarehe 27 Novemba 2016 majeshi ya serikali yaliishambulia ikulu ya mfalme huyo mjini Kasese, na jumla ya waliokufa katika ghasia za siku hizo ilizidi watu 100. Hapa kwetu, basi, swali la nyumba ya utawala si la wasanifu peke yao. Ni swali lililokwisha kumwaga damu.

Yatazameni pia majengo ya uchumi. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na shaba hiyo ilisafirishwa hadi Jinja ikayeyushwe kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Mali ya mlima ilipata njia ya kutoka miaka kumi na minane kabla ya mwananchi wa Bwera kupata makao ya wilaya yaliyo karibu naye. Leo treni haziji tena. Na hospitali ya Kilembe, iliyojengwa bondeni kando ya mto Nyamwamba, ilivamiwa na mafuriko mwezi Mei 2013, ikavamiwa tena mwezi Mei 2020. Jengo lisilousikiliza mto huadhibiwa na mto, na wanaoumia ni wagonjwa.

Huenda msomaji akadhani kwamba twataka majumba makubwa yavunjwe, serikali ikae katika vibanda. Sivyo. Kumjengea mtu wa mpakani kibanda cha bati kwa kisingizio kwamba yeye ni maskini, huku mji mkuu ukipewa fahari yote, ni kumtukana. Uzuri si anasa, na mkulima wa kahawa anaujua kama waziri anavyoujua. Tunalodai ni kwamba fahari ya jengo la umma itokane na jinsi linavyomtumikia umma. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa la saruji kama majengo mengine ya zama zake. Lakini paa lake liliundwa kama miavuli mikubwa iliyopinduliwa ili ikusanye maji ya mvua, na chini yake walisimama wauza nyanya na wanunuzi. Lilipoungua mwezi Julai 2021, msiba ulikuwa wa mji mzima. Ni majengo mangapi ya serikali ambayo wananchi wangeyalilia?

Twapendekeza basi vipimo vitatu. Cha kwanza ni mlango: je, mama aliyetoka Bwera aweza kuingia bila kumjua mtu? Cha pili ni mahali pa kungojea: je, kuna kivuli, benchi na maji, au mwenye shida huachwa juani wakati mwenye cheo akipita kivulini? Cha tatu ni lugha, na hapa ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapohusika zaidi. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mpakani Mpondwe, mfanyabiashara wa Uganda na mwenzake wa Kongo huelewana kwa Kiswahili kila siku ya soko. Lakini mtu huyohuyo akiingia ofisini, mara nyingi hukuta mabango na fomu za Kiingereza asichokijua. Huo nao ni ukuta, ingawa haukujengwa kwa saruji.

Ndugu walimu, wapelekeni wanafunzi wenu wakayatazame majengo ya utawala yaliyo karibu nao. Wapime hatua kutoka barabarani hadi mlangoni, wahesabu mabenchi, wasome mabango na kuandika ni ya lugha gani. Kisha wajadili darasani, kwa Kiswahili, ni nani aliyefikiriwa wakati wa kujenga. Kizazi kitakachojenga ofisi zijazo za Kasese na Bwera kimekaa mbele yetu katika madawati, na ni vema kijifunze mapema kuuliza swali hilo kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.