Macho ya Mtu Ambaye Hajaja

Anayenunua nyumba ya zamani huko Marekani, tuseme Columbus au Minneapolis, mara nyingi hubandua zulia akakuta chini yake sakafu ya mwaloni mwekundu: mbao nyembamba za upana wa inchi 2¼, kila moja imeingia ubavuni mwa mwenzake. Fundi huja na mashine ya msasa, akakwangua vanishi yote mpaka mbao zikabaki tupu, kisha akauliza: tutie rangi gani? Hapo ndipo watu wazima, waliokwisha kulea watoto na kuzika wazazi, huanza kukosa usingizi. Kama rangi ni nzuri wala hawaulizi. Wanachouliza ni kama itaonekana imepitwa na wakati.

Hofu hiyo ina chimbuko. Sakafu za mwaloni za miaka ya 1980 na 1990 zilipakwa vanishi ya mafuta, ambayo kadiri miaka inavyokwenda hugeuka manjano, hatimaye ikakolea kama asali. Walioirithi waliichoka, wakatia kahawia nzito inayokaribia weusi, nayo ikawaonyesha kila chembe ya vumbi. Miaka ya 2010 ikaja na kijivu. Leo ukitaja kijivu dalali anakunja uso, na kila mtu anataka mwaloni mweupe usiong'aa, kana kwamba haukupakwa kitu.

Hicho kijivu kinanifikirisha kuliko rangi nyingine zote. Mbao haipati kijivu ndani ya nyumba, hukipata nje. Jua huvunjavunja lignini inayoshikamanisha nyuzi za mti, mvua ikaisomba, zikabaki nyuzi zilizopauka. Ndiyo rangi ya gati la zamani na ya ubavu wa mashua iliyoachwa ufukweni. Ni rangi inayopatikana kwa kuvumilia masika na kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Sakafu iliyopakwa kijivu kiwandani iliomba heshima ya uzee bila kuupitia umri, na naamini ndiyo maana ilichosha upesi hivyo. Siwalaumu walioichagua. Wengi walitaka chumba tulivu tu baada ya kelele za siku nzima.

Mwaka 1937 Mwingereza James Laver, mhifadhi katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London, alipanga orodha ya namna macho yetu yanavyolihukumu vazi baada ya fasheni yake kupita. Likifika miaka 10 linachukiza, miaka 20 ni kichekesho, miaka 100 lina mahaba, na miaka 150 ni zuri kabisa. Hesabu hizo huwezi kuzipima kwa rula, lakini Laver aliona jambo la kweli: kitu cha kale hakimtii mtu aibu, cha juzi ndicho kinachomtia. Tunavionea haya walivyochagua wazazi wetu, na tunavienzi walivyochagua babu na bibi zetu.

Kwetu tumeliona hilo kwa sakafu ya saruji nyekundu. Nyumba nyingi za Kenya na Tanzania zilikuwa nayo, ikisuguliwa kwa polishi mpaka mtoto akaiona sura yake. Pesa ilipopatikana, ikafunikwa kwa vigae vyeupe, na hakuna aliyeililia. Sasa saruji ya rangi, iliyosuguliwa ikang'aa, inarudi katika hoteli na nyumba za pwani, na wageni wanaipiga picha. Saruji ni ile ile. (Anayeisifu leo asiyasahau magoti ya waliokuwa wakiisugua.)

Kwa hiyo anayeuliza kama rangi yake itapitwa anaitazama nyumba yake kwa macho ya mtu ambaye hajaja: mnunuzi wa kesho, mgeni wa miaka kumi ijayo. Mtu huyo hana jina wala sura, ila sauti yake inasikika kuliko ya watoto watakaolala kifudifudi juu ya mbao hizo wakichora. Hili linaniuma. Mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 30 ana haki ya kufikiria bei, tena ni wajibu wake. Lakini kuishi nyumbani kwako kama mlinzi wa mali ya mwingine ni hasara ambayo hakuna benki inayoiandika.

Tena mbao zenyewe hazikai katika rangi tuliyozipa. Mcheri hukolea kwa mwanga, mjozi hupauka. Ondoa zulia baada ya miaka michache, utakuta pale chini mstatili wenye rangi ya siku ya kwanza, na kandokando yake rangi iliyofanywa na dirisha lako, jua lako na nyayo zenu. Hiyo ya pili haiuzwi dukani na jirani hawezi kuwa nayo. Na ubao mzima wa unene wa milimita 19 unastahimili kupigwa msasa mara kadhaa, kwa hiyo atakayekuja, akija, atachagua yake.

Nikiulizwa ushauri, husema: vilaze vipande vya sampuli karibu na dirisha, uvitazame asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Mengine utaambiwa na chumba. Katika nyumba ya Minneapolis, ambako majira ya baridi ni marefu na jua huzama saa kumi na nusu jioni, mimi ningeiacha ile asali inayokimbiwa na kila mtu. Dalali atasema ni rangi ya miaka ya 1990, na atakuwa amesema kweli. Watu wa miaka ile nao waliona baridi, wakataka chumba chenye joto.