Majibu ya Vipimo ni ya Nani?

Mwezi Oktoba 2020, maelfu ya watu nchini Ufini walifungua barua pepe wakakuta wanadaiwa euro 200. Aliyedai alikuwa na mafaili yaliyoibwa Vastaamo, kampuni ya tiba ya kisaikolojia yenye vituo katika miji mingi, na alitishia kuanika yote waliyomweleza mshauri wao: ndoa, watoto, usiku wa kutaka kujiua. Wagonjwa zaidi ya 30,000 waliingia katika mkasa huo. Mafaili yao hayakuwa yamesimbwa ipasavyo. Mwizi aliyasoma kama gazeti.

Kusimba ni kuyavuruga maandishi kwa hesabu, yasisomeke ila na mwenye ufunguo. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitangaza wazo la funguo mbili: mmoja unamgawia yeyote, nao hufunga tu, wa pili unabaki nao mwenyewe, na ndio pekee unaofungua. Kwa njia hiyo maabara ya Mwanza inaweza kumpelekea daktari wa Dar es Salaam majibu yako kupitia mitambo ya watu wasiowajua, na wote walio njiani wasiambulie kitu.

Wapendwa, jambo hili la habari ya mgonjwa kumfikia anayehusika peke yake lipo katika Marko sura ya kwanza. Torati ilimwagiza mwenye ukoma apaze sauti kwamba ni najisi. Ugonjwa wake ulikuwa tangazo la barabarani. Yesu anamgusa, anamtakasa, kisha anamkataza asimwambie mtu, ila aende kwa kuhani. Kuhani ndiye aliyekuwa na kazi na habari ile: kuikagua ngozi na kumrudisha mtu kwao. Wengine, hata wenye huruma, haikuwahusu. (Ni kweli yule bwana hakutii, akasimulia kila mahali. Lakini alisimulia ya kwake, si ya jirani.)

Sasa tuje kwetu. WhatsApp husimba ujumbe tangu simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Ila katika kundi la maombi kila aliyemo ni mpokeaji. Mtu akibandika humo picha ya karatasi ya vipimo vya shemeji yake na kuandika "tumwombee", hesabu za Diffie na Hellman zimekwisha kazi. Mmoja atamtumia dada yake, dada atamtumia mumewe, na kabla ya jioni sokoni wanajua. Wapo wanaopanda basi hadi wilaya nyingine kuchukua ARV ili wasionwe na watu wa kwao, na baadhi yao wanatukimbia sisi, waumini wenzao.

Nasikia hoja kwamba Mungu anaona yote, basi tufiche nini? Mungu anaona yote, na bado hajawahi kumtangaza mtu kwenye kundi.

Kwa hiyo kuanzia Jumapili hii, karatasi ya maombi iliyo mezani kwa wazee wa kanisa itakuwa na majina tu, bila ugonjwa. Jina litaandikwa na mgonjwa mwenyewe, au kwa ruhusa yake. Asiyetaka kutajwa aandikwe "ndugu mmoja", nasi tutamwombea vilevile. Picha za vipimo zilizomo kwenye kundi, wasimamizi wazifute leo, na aliyezihifadhi kwenye simu yake afanye hivyo pia.