Machozi Yaletwayo na Sauti: Je, Ni Ushahidi wa Kweli?

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yaulizwayo na watu wanaochunguza dini, na hata na wale waliokwisha kuingia katika Islam, limo hili: "Nilipokuwa kanisani, kinanda kilipolia na kwaya ilipopaza sauti, machozi yalinitoka. Sasa naingia msikitini, hapana kinanda wala kwaya, na mara nyingine nasali macho yangu makavu. Je, si dalili kwamba Mungu alikuwa kule?" Swali hili si la kuchekwa. Mwenye kuliuliza aweza kuamua maisha yake yote kwa jibu atakalolipata. Basi yatupasa tulijibu kwa hoja wala si kwa ukali.

Tuanze na mfano ulio mbali na dini zote mbili. Yuko huko Japani mtungaji wa muziki aitwaye Joe Hisaishi, aliyezaliwa mwaka 1950. Tangu filamu ya Nausicaä ya mwaka 1984, yeye ndiye aliyetunga muziki wa filamu za katuni za Hayao Miyazaki. Mwaka 2008, katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo, aliongoza okestra kubwa pamoja na kwaya ya mamia ya waimbaji, wakapiga muziki wa filamu hizo. Watu wasiojua hata neno moja la Kijapani husikiliza muziki huo wakatokwa machozi. Na siku hizi kijana wa Tabora mwenye simu mkononi aweza kuusikiliza akiwa ameketi chini ya mwembe, na moyo wake ukatikisika vilevile.

Nguvu hiyo yatoka wapi? Kwa sehemu kubwa yatoka katika ufundi. Piano yaanza peke yake, polepole, kama mtu anayekumbuka jambo la zamani. Baadaye fidla nyingi zaupokea wimbo ule ule. Kisha hunyamaza kidogo. Halafu ala zote pamoja zaurudia kwa kishindo. Moyo wakitambua kile ulichokwisha kukisikia, ukadhani umerudishiwa kitu ulichokipoteza. Mtungaji hupima kwa sekunde, ili sauti ipande pale pale picha inapofika mahali pa huzuni au pa furaha. Lakini binti anayeliliwa katika picha ile hakuzaliwa na mama yeyote. Yeye ni wino na rangi. Machozi ni ya kweli, bali anayeliliwa hayuko!

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Ikiwa mtu aweza kumlilia kwa dhati asiyekuwapo, basi machozi peke yake hayawezi kuwa ushahidi wa ukweli wa jambo lolote. Yashuhudia kwamba moyo u hai. Hayashuhudii kwamba ulichoambiwa ni kweli.

Pengine utasema kwamba hayo ni mambo ya Wajapani na filamu zao. Haya, na tutazame nyumbani. Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Tabora katika nchi ya Unyanyembe, ikafika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipofika Tabora, ambapo wao walipaita Kazeh, mnamo Novemba 1857, walikuwa wameifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani kabla yao. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua begani au kichwani mzigo wa kiasi cha kilo 30, naye alitembea hivyo kwa miezi. Asubuhi ngoma ililia kutangaza safari. Kirangozi alitangulia mbele, akaanzisha wimbo, na wapagazi wakamwitikia. Wimbo haukupunguza hata ratili moja ya mzigo, bali ulimzidishia mchukuzi nguvu ya kuuchukua.

Lakini misafara hiyo ilichukua nini? Ilichukua nguo, shanga na nyaya za shaba kwenda bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Na baadhi yake ilichukua wanadamu waliofungwa minyororo. Ngoma iliyompa moyo mpagazi anayetafuta ujira wake wa halali ililia pia mbele ya mtumwa aliyetengwa na watoto wake. Ngoma haikuuliza mzigo ni nini wala njia yaelekea wapi. Na hivi ndivyo ilivyo nguvu yote ya sauti: yaongeza mwendo, lakini haichagui njia. Kuchagua njia ni kazi ya akili na dhamiri, na mwongozo wake watoka kwa Mwenyezi Mungu.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alilijua jambo hili. Katika Hadithi sahihi yasimuliwa kwamba katika safari moja alikuwapo mtu aitwaye Anjasha, mwenye sauti nzuri, aliyewaimbia ngamia ili waende upesi. Ngamia hao walikuwa wamepanda wanawake. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa kuimba, alimtaka aende taratibu, akiwafananisha wale waliopanda na vyombo vya kioo. Tazama hekima iliyomo! Sauti haikuharimishwa, bali iliwekewa mpaka, kwa sababu mwenye kuichochea safari ana dhamana juu ya wale wanaochukuliwa.

Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad (a.s.), katika makala yake iliyosomwa kwenye Mkutano wa Dini mjini Lahore mnamo Desemba 1896, alieleza kwamba mwanadamu ana hali tatu: hali za kimaumbile, hali za kimaadili, na hali za kiroho. Hali ya maumbile haiwi wema mpaka itumiwe mahali pake na kwa wakati wake, kwa kuongozwa na akili. Kipimo hiki chatufaa sana hapa. Ng'ombe humlilia ndama wake, lakini hatumwiti mcha Mungu. Kadhalika mtu aliyelia kwa sababu ya wimbo amepata mwendo wa maumbile tu. Kama akiondoka hapo akamsamehe aliyemkosea, au akalipa deni alilolificha, mwendo ule umekuwa maadili. Na kama akiyatenda hayo kwa kumtafuta Mwenyezi Mungu, naye akadumu, ndipo tuwezapo kutumaini kwamba umefika katika roho.

Ama atakayetoa katika maneno haya hukumu ya kwamba moyo mkavu ndio moyo wa Kiislamu, amekosea vibaya. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, yaani mwisho wa njia ile ile ya misafara, alikuwa mtumishi wa Jumuiya yetu na pia mshairi mkubwa, na kitabu chake cha mwaka 1954 kiliwafundisha watu sheria za kutunga mashairi. Hakuona kwamba mizani na vina ni adui wa imani. Udongo mgumu hauoti mbegu, mvua yahitajiwa. Lakini mvua si mbegu. Shamba lililonyeshewa bila kupandwa litaota magugu.

Sasa huenda mchunguzi akatugeuzia hoja, akasema: "Je, na ninyi mnaolia mkisikia Qurani Tukufu ikisomwa kwa sauti nzuri?" Ni haki yake kuuliza, na jibu letu ni lile lile: sauti nzuri ya msomaji haituthibitishii kwamba Qurani imetoka kwa Mungu. Uthibitisho wake umo katika mafundisho yake, katika habari zake za ghaibu zilizotimia, na katika maisha ya wanaoifuata. Siku moja Mtume (s.a.w.) alimwomba Abdullah bin Mas'ud (r.a.) amsomee. Naye alisoma Sura An-Nisaa, na alipofika pale panapoelezwa kwamba kila umati utaletewa shahidi wake, Mtume (s.a.w.) alimwambia basi, na macho yake yakabubujika machozi. Kilichomliza ni maana: uzito wa kusimama shahidi juu ya umati wake mbele ya Mola.

Kwa hiyo, ndugu uliyetoka kwenye kinanda ukaja kwenye utulivu wa Sala, usiyadharau machozi yako ya zamani. Aliyekuumbia moyo ulioweza kulia ni Mungu yule yule unayemsujudia leo. Wala usiogope macho makavu. Jifunze maana ya kila neno unalotamka katika Sala, kisha uliseme kama mtu anayesema na Aliye karibu. Huenda machozi yakachelewa. Yakija, yatakuwa yako, wala hayatategemea mpigaji.

Mwenyezi Mungu atujalie mioyo laini na akili ya kuiongoza, atuonyeshe njia iliyonyoka, na atupe nguvu ya kuchukua mizigo yetu mpaka mwisho wa safari. Amin.