Kunyamaza kwa Adabu

Mtoto wa kwetu hufunzwa adabu kabla hajafunzwa kusoma. Hufunzwa kwamba mkubwa akisema mdogo husikiliza, na kwamba kumkosoa mzee mbele ya watu ni kumvua nguo. Mafunzo haya ni mema, wala sikukusudia kuyabeza. Nataka kuuliza swali moja tu. Ikiwa mdogo ameona jambo ambalo mkubwa hakuliona, na jambo hilo likiachwa laweza kuwaua watu wasiokuwapo hapo, adabu yamtaka afanye nini?

Daktari kijana hulikuta swali hili, na baharia kijana pia. Mimi nimemchagua mhandisi wa majengo kwa kuwa kosa lake hukaa kimya muda mrefu, na watakaolilipia huenda hawajazaliwa.

Wengi hudhani kwamba shida ya mhandisi kijana ni hesabu. Hesabu ni ngumu, sikatai. Lakini amekwisha kuzizoea chuoni, na siku hizi kompyuta humaliza kwa dakika chache kazi iliyowachukua waliomtangulia siku nyingi. (Kompyuta nayo humjibu kila aulizaye, hata aliyeuliza vibaya, ndiyo maana mwangalifu hulipima jibu lake upya kwa kalamu na karatasi.) Shida hasa huanza siku anapovaa kofia ngumu na kwenda mahali pa ujenzi. Kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, kijana wa Kenya aliyepata digrii huandikishwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, na hapewi cheo kamili mpaka amefanya kazi miaka isiyopungua 3. Katika miaka hiyo yeye ni mdogo wa wote kwa umri, naye ndiye anayetumwa kuwakagua wote.

Kijana mmoja ninayemfahamu alitumwa hivyo kukagua sakafu ya ghorofa ya tatu kabla zege halijamwagwa. Jengo lilikuwa na roshani zilizotokeza nje ya ukuta mita moja na nusu, bila nguzo chini yake. Alipochungulia kati ya mbao akaona nondo kuu za roshani zimelazwa chini, kama zilivyolazwa zile za vyumba.

Msomaji asiyejua mambo haya ataliona hilo kuwa jambo dogo, kwani nondo ni zile zile na zege ni lile lile. Basi na afikiri hivi. Ubao uliolazwa juu ya mtaro huinama mtu akipita katikati; upande wake wa chini huvutika, na upande wa juu hubanwa. Lakini tawi la mwembe alilokalia mtoto nchani huinama kinyume. Gome la juu ndilo linalovutika, na likipasuka huanzia juu, karibu na shina. Zege lina nguvu nyingi likibanwa, na nguvu haba likivutwa. Kazi ya nondo ni kushika pale zege lisipoweza. Sakafu ya chumba ni ubao juu ya mtaro, na roshani ni tawi. Nondo iliyolazwa chini ya roshani ni sawa na kamba iliyofungwa upande usiovutwa.

Saruji ilikuwa imekwisha kuchanganywa, na vibarua walioajiriwa kwa siku moja walikuwa wamejipanga na karai zao. Kijana akamwendea msimamizi wa mafundi, mtu mzima mwenye mvi. "Mzee, naomba radhi," akasema, "nondo za roshani zapaswa kuwa juu."

Mzee akacheka bila ubaya. "Mwanangu, mimi nilianza kumwaga zege kabla mama yako hajaolewa. Nyumba zangu zote zimesimama."

Jibu hili si la kipumbavu. Mzee yule akiusugua mchanga kiganjani aweza kukuambia kama una udongo, na kwa kusikia tu mashine ikizunguka hutambua kwamba maji yamezidi. Hayo kijana hakuyapata chuoni. Tena vijana wenye vyeti vipya hukosea mara nyingi, na hukosea kwa sauti kubwa. Lakini litazameni neno lile, nyumba zangu zote zimesimama. Kanuni za Kiingereza zilizofuatwa Kenya kwa miaka mingi ziliamuru uzito wa jengo lenyewe uzidishwe kwa 1.4 katika hesabu, na uzito wa watu na vitu vyao kwa 1.6. Ziada hiyo iliwekwa kwa huruma, ili binadamu akikosea kidogo asiangamize wenzake. Na huruma hiyo hiyo humdanganya fundi. Kosa lake linapobebwa na ziada, yeye huona kwamba hakukosea, akalirudia kesho kwa moyo mkunjufu. Kwa hiyo jengo lililosimama ni shahidi dhaifu. Jengo la ghorofa la Huruma, Nairobi, lilikuwa limesimama mpaka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ilipokuwa kubwa, na watu wapatao 50 wakafa ndani yake.

Wala tusidhani kwamba kunyamaza ni ugonjwa wa mahali penye wazee na vijana tu. Katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupitia watu zilining'inizwa kutoka darini, moja juu ya nyingine. Mchoro wa kwanza ulitaka fito ndefu za chuma zishike njia zote mbili, kila njia kwa nati zake. Kwa kurahisisha kazi, fito zikakatwa; njia ya juu ikashikwa na fito za darini, na ya chini ikatundikwa kwenye boriti za ile ya juu. Ni kama ndoo mbili zilizofungwa katika kamba moja, kila moja kwa fundo lake. Kisha mtu akaifungua ya chini na kuitundika kwenye kitako cha ile ya juu. Kamba haikuongezewa kitu, ila fundo la juu sasa labeba mizigo miwili. Mabadiliko hayo yalipita katika michoro yenye muhuri wa mhandisi, na kila upande ukidhani upande wa pili umekwisha kuhesabu. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, watu wakiwa katika dansi, njia zote mbili zilianguka. Wakafa 114.

Kwa maoni yangu adabu haina haki ya kumwambia kijana kama aseme au asiseme. Ina haki ya kumwambia asemeje. Kijana wetu aliijua tofauti hiyo, ama kwa akili ama kwa hofu. Kwanza alijishuku, akaufungua mchoro tena, akaona nondo zimechorwa juu. Akampigia simu mhandisi wake mkubwa, simu haikupokelewa. Ndipo akamwomba mzee waende kando, mbali na masikio ya vibarua. Akaokota kijiti kibichi, akashika ncha moja kwa nguvu na kuikandamiza ile nyingine, mpaka gome la juu likapasuka karibu na vidole vyake.

Mzee alikitazama kile kijiti kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na zile nilizomwaga mwaka jana?"

Kijana hakulitarajia swali hilo, na mimi naliona kuwa gumu kuliko lile la kwanza. Kusema kabla ya zege kumwagwa kwagharimu asubuhi moja na fedha za vibarua. Kusema baada ya watu kuhamia kwagharimu jina la mtu. William LeMessurier, mhandisi aliyesanifu mifupa ya jumba la Citicorp la New York, lenye ghorofa 59, alitambua mwaka 1978, jumba likiwa limekwisha kujaa watu, kwamba viungo alivyodhani vimechomelewa vilifungwa kwa bolti, na kwamba upepo mkali ukipiga pembe za jengo waweza kuvishinda. Aliwaendea wenye jumba, akasema. Mabamba ya chuma yakachomelewa juu ya viungo usiku, watu wa ofisi wakiwa wamekwenda zao. Wengi humsifu, nami namsifu nusu. Kwa maana watu wa mtaa ule hawakuambiwa, na habari haikutangazwa wazi mpaka mwaka 1995. Wao walilala chini ya hatari bila kuulizwa.

Asubuhi ile nondo za roshani ziliinuliwa na kufungwa juu, na zege likamwagwa alasiri. Mzee hakumwambia mtu sababu, wala kijana hakuitaja. Jumamosi iliyofuata walikwenda wawili kwenye nyumba ya mwaka jana. Watu walikuwa wamehamia, nguo zimeanikwa, na mtoto alikuwa akicheza katika roshani ya pili. Mzee akavua kofia, akapanda ngazi mbele, akabisha hodi mwenyewe.